Nasaba Iliyosalia Mfupani

Toxodon na Macrauchenia ni mamalia wakubwa wa Amerika Kusini waliotoweka mwishoni mwa zama za barafu, kiasi cha miaka 12,000 iliyopita, na kwa takriban miaka 180 wataalamu hawakuafikiana ni jamaa za nani. Toxodon alikuwa na kiwiliwili kizito mithili ya kifaru, miguu mifupi, na magego yaliyopinda ambayo hayakukoma kukua maisha yake yote. Macrauchenia alikuwa na shingo na miguu mirefu kama ngamia asiye na nundu, lakini alikanyaga kwa vidole vitatu, na tundu la pua lake lilikuwa juu ya fuvu, karibu na macho. Jibu la swali la nasaba yao lilipatikana mwaka 2015 ndani ya mifupa iliyokuwa imehifadhiwa katika makumbusho, katika protini ambazo wachimbaji wa visukuku wa karne ya 19 hawakuwa na njia yoyote ya kuzisoma.

Visukuku vilivyowapatia wanyama hawa majina yao vilikusanywa na Charles Darwin katika safari ya meli ya Beagle. Mnamo Novemba 1833, nchini Uruguay, Darwin alisikia habari za mifupa mikubwa katika shamba moja karibu na kijito cha Sarandís. Akaenda, akanunua fuvu la Toxodon kwa pensi 18. Fuvu hilo lilitoka ardhini likiwa zima, lakini watoto wa pale walilipiga mawe wakang'oa baadhi ya meno, kisha wakalisimamisha liwe shabaha ya kulengea. Januari 1834, kwenye bandari ya San Julián huko Patagonia, alichimbua sehemu ya mifupa ya Macrauchenia, akidhani mwanzoni kuwa ni ya mastodoni, jamaa wa tembo. Yote ilifika mikononi mwa Richard Owen, London, ambaye alimpa Toxodon jina mwaka 1837 na Macrauchenia mwaka uliofuata.

Owen aliijua mifupa kuliko wengi wa zama zake, na ndiyo sababu kusitasita kwake kuna mafunzo. Katika fuvu la Toxodon aliona meno yanayomkumbusha mgugunaji, na papo hapo akaona dalili za nguva na za wanyama wenye ngozi nene kama kifaru na tembo. Katika Macrauchenia alivutwa na pingili za shingo. Kwa mamalia wengi mshipa wa damu unaopanda kichwani hupita kwenye matundu ya pembeni mwa pingili. Kwa ngamia na lama hupita ndani ya ukuta wa tao la pingili lenyewe, na kwa Macrauchenia hali ilikuwa hiyo hiyo. Akamsogeza upande wa lama, ingawa alama nyingine za mwili zilimvuta kwingine.

Darwin aliipokea hukumu hiyo kwa uzito mkubwa. Patagonia ndiko guanako, jamaa wa lama, wanakoishi hadi leo. Kama mnyama aliyekufa zamani katika nchi hiyo alikuwa wa ukoo mmoja na aliye hai katika nchi hiyo hiyo, basi huenda kuna uzi unaowaunganisha waliopita na waliopo. Mawazo ya aina hii yalikuwa miongoni mwa yaliyomsukuma, mwaka 1837, kuanza kuandika katika daftari zake kuhusu kubadilika kwa spishi. Wazo lilikuwa la kweli. Mfano wa Macrauchenia uliosaidia kulibeba haukuwa wa kweli, na hilo ni jambo la kukumbukwa na kila anayedhani kwamba hoja sahihi huzaliwa na ushahidi sahihi peke yake.

Baada ya Owen kazi iliendelezwa zaidi na Waajentina wenyewe, hasa Florentino Ameghino, aliyeaga dunia mwaka 1911. Ndugu yake Carlos alizunguka Patagonia akikusanya visukuku, naye Florentino akavichambua na kuvipa majina. Aliona mfanano na farasi, na tembo, na nyani, hata akashikilia kwamba koo nyingi za mamalia duniani, binadamu akiwemo, chimbuko lake ni Argentina. Kati ya wanyama aliowapa majina yumo Thoatherium, kiumbe mdogo mwenye miguu myembamba aliyetembea kwa kidole kimoja tu chenye kwato, na vidole vyake vya pembeni vilikuwa vimesinyaa kuliko hata vya farasi wa leo. Anayeutazama mguu huo bila kujua ulikotoka atasema ni farasi bila kusita. Lakini Thoatherium ni wa kundi moja na Macrauchenia, linaloitwa Litopterna, na mguu wake ulifika hapo kwa njia yake mwenyewe.

Amerika Kusini ilikaa peke yake, imezungukwa na bahari, kwa makumi ya mamilioni ya miaka, hadi ilipounganika na Amerika Kaskazini takriban miaka milioni tatu iliyopita. Katika upweke huo mamalia wake wenye kwato waligawanyika katika oda ambazo wataalamu wanazihesabu kuwa tano, na kila aina ya maisha ikapata mwenyewe: wakimbiaji wa mbugani, wazito wa kandokando ya maji, wadogo waliofanana na sungura au pimbi. Mnyama anayekimbia kwenye uwanda mgumu hufaidika na mguu mrefu wenye vidole vichache, awe mtoto wa nani. Anayetafuna nyasi zenye vumbi hufaidika na jino refu lisilokwisha. Umbo hufuata kazi, na kazi ile ile hutengeneza umbo lile lile kwa wanyama wasio ndugu. Hapo ndipo elimu ya mifupa ilipokwama, wala haikuwa kwa uzembe wa waliokuwa wakiichunguza.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 DNA ya wanyama walio hai ilitoa onyo kubwa zaidi. Ilionekana kwamba tembo, pimbi, nguva, muhanga, sengi, fuko-dhahabu wa kusini mwa Afrika na tenreki wa Madagaska wote ni wa ukoo mmoja mkongwe uliozaliwa Afrika, ukaitwa Afrotheria. Hakuna mchambuzi wa mifupa aliyekuwa amewaweka wote hao katika boma moja. Baada ya hapo baadhi ya wataalamu walirudi kwenye visukuku vya Amerika Kusini, wakaona alama za meno na pingili zinazofanana na za Afrotheria, wakapendekeza kwamba Toxodon na wenzake ni binamu wa tembo na pimbi. Pendekezo halikuwa la ovyo. Mabara hayo mawili yaliwahi kuwa nchi kavu moja.

Kwa kawaida swali la namna hii lingepelekwa kwa DNA ya kale. Tatizo ni kwamba DNA huvunjika upesi penye joto na unyevunyevu. Mamothi wa Siberia wametoa DNA yenye umri wa zaidi ya miaka milioni moja kwa sababu walilala katika ardhi iliyoganda. Mifupa ya nyanda za Argentina haikupata hifadhi hiyo, na majaribio ya kuitafutia DNA yaliambulia patupu. Ikabidi watafiti waache kukililia kilichopotea, watazame kilichobaki.

Kilichobaki ni kolajeni. Hii ndiyo protini kuu ya mfupa, nayo huchukua sehemu kubwa sana ya protini zote zilizomo. Molekuli yake ni minyororo mitatu iliyosokotwa pamoja kama kamba ya nyuzi tatu, na kila mnyororo una asidi amino zaidi ya 1,000. Katika kila nafasi ya tatu hukaa glaisini, asidi amino ndogo kuliko zote, kwa kuwa hakuna nyingine inayoenea katikati ya msokoto huo. Nafasi zilizobaki zina uhuru kiasi wa kubadilika kizazi hadi kizazi, na mabadiliko hayo ndiyo yanayohifadhi habari za ukoo. Zaidi ya hayo kolajeni imeshikamana na madini ya mfupa, ambayo huikinga na maji na vijidudu. Kwa sababu hizo hudumu mahali ambapo DNA imekwisha kuwa vumbi, ingawa habari zake ni chache zaidi: hubadilika polepole, na sehemu kubwa ya mfuatano wake haina tofauti yoyote kati ya mnyama na mnyama.

Kuisoma huanza na kipande kidogo cha mfupa. Madini huyeyushwa kwa asidi hafifu, kolajeni hulainishwa kwa joto, kisha huongezwa tripsini, kimeng'enya kinachokata mnyororo kila panapotokea asidi amino za laisini na arginini. Vipande vinavyopatikana huingizwa katika spektromita ya tungamo, mashine inayopima uzito wa kila kipande kwa usahihi mkubwa, kisha hukivunja tena na kupima vijisehemu vyake, hadi mpangilio wa asidi amino ujulikane. Njia za kuzifanya molekuli kubwa kama protini zielee na kupimwa bila kusambaratika ndizo zilizowapatia John Fenn na Koichi Tanaka sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2002. Bila hizo, yote yanayofuata yasingewezekana.

Njia ya kufikia hapo ilikuwa ndefu na yenye mabishano. Mwaka 1954 Philip Abelson, wa Taasisi ya Carnegie nchini Marekani, alionyesha kwamba asidi amino zinasalia katika visukuku vya kale sana. Lakini asidi amino zilizotawanyika hazisemi lolote kuhusu ukoo, maana mpangilio umekwisha kupotea. Katika miaka ya 1980 Jerold Lowenstein na wenzake walitumia kingamwili kupima jinsi protini za mamothi, za ng'ombe-bahari wa Steller na za kwaga zilivyokaribiana na za wanyama walio hai. Matokeo yalikuwa ya maana kwa wakati wake. Hata hivyo kingamwili hupima ukaribu kwa ujumla, haisomi herufi moja moja.

Kisha mwaka 2007 ikaja taarifa iliyoutikisa uwanja mzima: vipande vya kolajeni kutoka mfupa wa Tyrannosaurus rex wa miaka milioni 68, pamoja na vya mastodoni wa Marekani. Habari za mastodoni zilipokewa kwa utulivu. Za dinosau zilizua ubishi ambao miaka 10 baadaye ulikuwa bado haujaisha, kwa kuwa wapinzani walionyesha kwamba baadhi ya vipande vingeweza kueleweka kama uchafu uliotoka kwa ndege wa kisasa waliochunguzwa maabara, kama vile mbuni. Ubishi huo uliifaidi taaluma kuliko makubaliano ya haraka. Ulilazimisha kila maabara kuweka utaratibu mkali: kupima sampuli tupu sambamba na sampuli halisi, kutangaza data ghafi ili wengine waihakiki, na kuangalia kama protini ina makovu ya uzee. Kovu mojawapo ni asidi amino ya glutamini, ambayo kadiri miaka inavyopita hupoteza kundi lake la amidi na kugeuka kuwa asidi ya glutamiki. Protini iliyoingia jana haina kovu hilo kwa kiwango hicho.

Uchafu wenyewe huwa wa kila namna. Ngozi ya mtafiti hudondosha keratini. Makumbusho ya zamani yaliimarisha mifupa dhaifu kwa gundi iliyochemshwa kutoka ngozi na mifupa ya mifugo, na gundi hiyo ni kolajeni tupu. Mtu anayesoma mfupa uliopakwa gundi bila kujua anaweza kutangaza kwamba mnyama wa kale alikuwa ndugu wa ng'ombe. Kwa hiyo daftari la makumbusho, linaloeleza mfupa ulitoka wapi na ulipakwa nini, lina thamani sawa na mashine ya mamilioni.

Hata protini safi ina mitego. Losini na isolosini zina uzito uleule kabisa, hivyo upimaji wa kawaida wa tungamo hauwezi kuzitenganisha. Mtego wa pili ni mjanja zaidi. Katika kolajeni, asidi amino ya prolini mara nyingi huongezewa chembe moja ya oksijeni, na uzito wake hupanda kwa 16. Tofauti kati ya alanini na serini nayo ni chembe moja ya oksijeni. Msomaji asiye makini ataona ongezeko la 16 katika kipande, adhani alanini imebadilika kuwa serini, na atabuni badiliko la kimageuko ambalo halikutokea kamwe. Dawa yake ni kuhakiki kila nafasi kwa vijisehemu vinavyoizunguka, kazi ya subira isiyofanyika kwa programu ya kompyuta pekee.

Kwa uzoefu huo wote ndipo timu kubwa ya kimataifa, wakiwemo Frido Welker, Matthew Collins wa Chuo Kikuu cha York, Ian Barnes wa Makumbusho ya Historia Asilia ya London, Ross MacPhee wa New York na wenzao wa makumbusho za Argentina, ilipoigeukia mifupa ya Toxodon na Macrauchenia. Walipima kwanza sampuli nyingi ili kujua ni ipi iliyohifadhi kolajeni ya kutosha, kisha wakaelekeza nguvu kwenye zile bora. Kwa kila mnyama walipata takriban asilimia 90 ya mfuatano wa minyororo ya kolajeni. Wakaulinganisha na wa mamalia wengi walio hai, baadhi yao wakiwa hawajawahi kusomwa kolajeni yao hapo awali.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Nature, hayakuwapeleka wanyama hawa Afrotheria wala kwa lama. Toxodon na Macrauchenia walisimama pamoja, na jamaa zao wa karibu zaidi walio hai wakawa farasi, punda milia, kifaru na tapiri, yaani oda ya Perissodactyla. Kundi pana linalowakusanya wote likaitwa Panperissodactyla. Mwaka huo huo Michael Buckley wa Manchester, akitumia kolajeni katika utafiti wake mwenyewe, alifikia hitimisho hilo hilo. Mwaka 2017 likatokea lililoonekana haliwezekani: mfupa wa Macrauchenia kutoka pango la Baño Nuevo, kusini mwa Chile penye baridi, ulitoa DNA ya mitokondria. Ilikubaliana na kolajeni, ikaongeza tarehe: tawi la Macrauchenia liliachana na la farasi na kifaru takriban miaka milioni 66 iliyopita, karibu na wakati dinosau walipotoweka. Njia mbili zisizotegemeana kukutana mahali pamoja ni ushahidi wenye uzito kuliko njia moja iliyorudiwa mara nyingi.

Slothi walileta kisa kinachofanana na hicho. Slothi wa leo ni wanyama wa mitini, wa aina mbili, wenye vidole viwili na wenye vidole vitatu. Waliotoweka walikuwa wengi, wengine wakubwa kama tembo. Mwaka 2019 kolajeni ilionyesha kwamba wa vidole vitatu wako karibu na akina Megatherium, na wa vidole viwili wako karibu na akina Mylodon. Maana yake ni kwamba maisha ya kuning'inia mitini yalizuka mara mbili katika koo tofauti. Slothi wa visiwa vya Karibi nao walionekana kuwa tawi lao wenyewe, lililojitenga zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita. Utafiti wa DNA uliotolewa wakati huo huo ulisema vivyo hivyo.

Baridi huongeza umri wa kolajeni mno. Katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, Natalia Rybczynski na wenzake waliokota vipande vya mfupa mmoja wa muundi wenye umri wa takriban miaka milioni 3.5. Kolajeni yake ilionyesha ni ngamia, mkubwa kuliko wa leo kwa karibu theluthi moja. Anayemjua ngamia wa jangwani tu atashangaa kusikia kwamba jamaa zake waliishi katika misitu ya kaskazini yenye miezi ya giza. Lakini ukoo wa ngamia ulianzia Amerika Kaskazini, na mfupa huo uko karibu na njia waliyoipitia kuingia Asia.

Penye joto kolajeni haifiki mbali hivyo, na hapo ndipo enameli ya jino ilipochukua nafasi. Enameli ni tishu ngumu kuliko zote mwilini, na protini chache zilizomo hunaswa ndani ya madini yake. Mwaka 2019 jino la Gigantopithecus kutoka pango la Chuifeng kusini mwa China, lenye umri wa miaka milioni 1.9, lilionyesha kwamba nyani huyo mkubwa alikuwa jamaa wa orangutani, na kwamba koo hizo mbili ziliachana miaka milioni 10 hadi 12 iliyopita. Jino la kwanza la mnyama huyo lilikuwa limetambuliwa mwaka 1935 katika duka la dawa za Kichina huko Hong Kong, na kwa zaidi ya miaka 80 mjadala wa nasaba yake ulitegemea meno na vipande vichache vya mataya.

Afrika Mashariki ilidhaniwa kuwa na joto kali mno kwa kazi hii. Dalili ya kwanza ya kinyume chake ilitoka Laetoli, Tanzania, ambapo mwaka 2016 protini zilisomwa kutoka ganda la yai la mbuni la miaka milioni 3.8. Mwaka 2025 Daniel Green, Timothy Cleland, Emmanuel Ndiema wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao walitangaza protini za enameli kutoka meno ya mamalia wakubwa wa Bonde la Turkana, yakiwemo ya vifaru na ya jamaa za tembo, ya zamani zaidi yakiwa na miaka milioni 18. Turkana ni miongoni mwa sehemu zenye joto kali zaidi duniani. Vipande vilipungua kadiri meno yalivyokuwa ya kale zaidi, kama ilivyotarajiwa, lakini vilitosha kuyaweka meno hayo katika makundi ambayo umbo lilikuwa limeyaashiria.

Enameli ina upungufu wake. Protini zake ni chache, na vimeng'enya vya mwili huzikatakata wakati jino lingali linaumbwa, hivyo herufi za kusoma ni kidogo kuliko za kolajeni. Inaweza kumtenga kifaru na tembo, lakini kupambanua matawi yaliyo karibu ni kazi ngumu zaidi. Hilo linahusu moja kwa moja swali lililobaki Amerika Kusini. Kati ya zile oda tano, Toxodon anawakilisha moja na Macrauchenia nyingine. Astrapotheria, Pyrotheria na Xenungulata zilitoweka mamilioni ya miaka kabla ya zama za barafu, na kolajeni yao haitegemewi kuwepo. Meno ya Astrapotherium kutoka Patagonia yana umri wa karibu miaka milioni 17, ndani ya mpaka uliokwisha kufikiwa Turkana, na Patagonia ina baridi kuliko Turkana. Pyrotherium ni wa zamani zaidi ya hapo, na Xenungulata wa zamani kuliko wote, hivyo kwao bado umbo la jino na mfupa ndilo pekee linaloweza kuulizwa.